Sentensi niliyoiandika usiku: barua ya wazi kuhusu majibu ya maswali bungeni

Kwa Spika wa Bunge la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Kwa Waziri Mkuu, kiongozi wa shughuli za Serikali bungeni. Na kwa Katibu wa Bunge.

Yah: Majibu ya maswali ya wabunge yasiyo na tarehe wala kiasi

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Nimeandika barua za namna hii kwa miaka ishirini na kitu, nikiwa afisa mipango katika halmashauri moja ambayo sitaitaja. Hii ndiyo ya kwanza ninayoituma bila kuipitisha kwa Mkurugenzi. Nimestaafu, muda ninao, na Bunge linapokaa huwa nafungua redio asubuhi kusikiliza kipindi cha maswali na majibu kama wenzangu wanavyosikiliza mpira. Kuna sentensi moja huwa naisubiri, kwa sababu ni yangu.

Mnaijua. "Serikali itaendelea kutenga fedha kwa ajili ya kukamilisha mradi huo kadiri zitakavyopatikana." Naibu Waziri huisoma taratibu na kukaa. Mbunge huinuka: "Mheshimiwa Spika, pamoja na majibu mazuri ya Serikali, nina maswali mawili madogo ya nyongeza." Sentensi inaingia kwenye Taarifa Rasmi, ile tunayoiita Hansard, na kuanzia hapo ni kauli ya Serikali. Mimi nakumbuka ilikozaliwa. Ilizaliwa saa nne usiku, umeme umekatika, nikimulika karatasi kwa simu, Mkurugenzi akinipigia kila baada ya dakika kumi kuuliza kama nimemaliza.

Wanaolijua Bunge kwa televisheni tu hudhani Waziri anayo majibu kichwani. Niwaeleze njia ambayo swali hupitia. Mbunge analiandika swali na kulipeleka kwa Katibu wa Bunge. Linapitiwa, linapelekwa wizarani. Wizara haiwezi kujua boma, yaani jengo lisilokamilika, la zahanati ya kijiji fulani limefika wapi, kwa hiyo inauandikia mkoa. Katibu Tawala wa Mkoa anamwandikia Mkurugenzi. Mkurugenzi anaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Afisa Mipango, shughulikia leo." Karatasi inaponifikia, imebaki siku moja, pengine nusu siku. Gari halina mafuta na kijiji kiko mbali. Nampigia mtendaji wa kijiji, hapatikani. Nampigia mtendaji wa kata, anasema, "Liko kwenye lenta, nadhani," yaani ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha.

Hiyo "nadhani" ndiyo inayofutwa kwanza. Kwangu inakuwa "boma limefikia hatua ya lenta". Mkoani inakuwa "ujenzi umefikia hatua nzuri". Inapofika kwa mwenye kuisoma Dodoma, Serikali "inatambua na kuthamini juhudi za wananchi". Hakuna aliyedanganya. Kila mmoja alisafisha kidogo, kama nguo inayofuliwa mpaka rangi yake inasahaulika.

Sasa nikiri jambo. Mwaka 2012 Mbunge wetu aliuliza ni lini Serikali itamalizia zahanati ambayo wananchi walikuwa wameijenga kwa nguvu zao. Walichangishana, wakafyatua tofali, wakina mama wakasomba maji na mchanga kichwani, kuta zikasimama. Niliandika jibu na sentensi yangu ikawa mwishoni. Mbunge yule aliangushwa kwenye kura za maoni za chama chake mwaka 2015. Mwaka 2016 mwenzake aliyempokea kiti akauliza swali hilo hilo, karibu neno kwa neno, na bila shaka hakujua kama liliwahi kuulizwa. Karatasi ikanifikia tena usiku. Nilifungua kabati, nikatoa faili la mwaka 2012, nikanakili jibu lote. Nilibadilisha mwaka wa fedha tu: palipoandikwa 2012/2013 nikaweka 2016/2017. Likaenda mkoani, likaenda wizarani, likasomwa. Mbunge akashukuru kwa majibu mazuri.

Nilitegemea mtu anipigie simu. Miaka minne, jibu lile lile, hakuna aliyeshtuka. Nilijisikia kama mwanafunzi aliyeibia mtihani na kupewa zawadi ya usafi wa mwandiko.

Ningeweza kuishia hapo na kuomba radhi. Ila kuna swali jingine, na ndilo lililonifanya niandike barua hii. Lilikuja siku moja, si la kusomwa ukumbini bali la kujibiwa kwa maandishi. Halikuuliza ni lini. Liliomba orodha: maboma yote ya zahanati na vituo vya afya katika halmashauri yetu, kila moja na mwaka lilipoanzishwa, kiasi wananchi walichochangia, kiasi kilichotengwa kwenye bajeti za miaka mitatu, na kiasi kilichopokelewa kweli, pamoja na tarehe kilipoingia benki.

Ofisi ilichafuka. Pa kuiweka ile sentensi hapakuwepo, kwa sababu jedwali lina visanduku na kisanduku hakijazwi "kadiri zitakavyopatikana". Tuligawana kata. Mweka hazina alifungua taarifa za benki ambazo hakuna aliyewahi kumwomba azifungue. Mimi nilipanda pikipiki siku mbili. Tukagundua zahanati moja ilikuwa kwenye orodha yetu mara mbili, mara moja kwa jina la kijiji, mara ya pili kwa jina la kitongoji, na mara zote mbili ilikuwa imeombewa fedha. Tukagundua boma ambalo halikuwa kwenye orodha yoyote. Wananchi walikuwa wamelijenga na kulipaua wakingoja mtu aje kulitazama. Hakuna aliyefukuzwa kazi. Hakuna hata aliyefokewa. Swali lenyewe ndilo lililofanya kazi, kwa sababu lilitulazimisha kuhesabu vitu ambavyo kwa miaka tulikuwa tunavisimulia.

Waheshimiwa, watu wengi wanalidharau swali la maandishi. Halina kamera, halina makofi, Mbunge hapati kipande cha video cha kuwatumia wapiga kura kwenye kundi la WhatsApp. Lakini mimi niliyekaa upande wa pili wa karatasi nawaambia: swali la mdomo tulilipangia ufasaha, na hili la maandishi lilitukosesha usingizi. Kwa swali la mdomo tulikuwa tunaandaa hadi majibu ya maswali ya nyongeza tuliyoyabashiri, na mara nyingi tulibashiri sawasawa, kwa kuwa la nyongeza la kwanza huwa ni "Je, Serikali haioni umuhimu wa…" na la pili huwa ni "Je, Mheshimiwa Waziri yuko tayari kuongozana nami…" Jibu la la pili ni "Nipo tayari." Watu wanacheka, Bunge linaendelea.

Katiba yetu, Ibara ya 63, inasema Bunge ndilo chombo kikuu chenye madaraka, kwa niaba ya wananchi, ya kuisimamia na kuishauri Serikali. Kati ya njia ilizozitaja za kufanya kazi hiyo, ya kwanza kabisa, kabla ya kujadili bajeti, kabla ya kutunga sheria, ni kumuuliza Waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Na Kanuni zenu za Kudumu zinampa Waziri wajibu wa kujibu kwa ukamilifu, na Spika mamlaka ya kuagiza swali lijibiwe upya kama hakuridhika. Nguvu hiyo huwa naisikia ikitumika jibu linapokuwa bovu waziwazi, Waziri anapojikwaa au anapotofautiana na mwenzake. Jibu laini lenye adabu, lisilo na tarehe wala kiasi, linapita.

Hapa niwageukie kidogo na wabunge wenyewe, maana lawama zote nikiwatupia Mawaziri nitakuwa mwongo. "Je, ni lini Serikali itajenga…" ni swali linaloomba kudanganywa kwa upole. Ukimuuliza mtu ni lini, unampa ruhusa ya kuzungumzia kesho, na kesho haina risiti. Muulizeni jana. Na mkiuliza jana, tenganisheni maneno mawili ambayo sisi wa ofisini tunapenda sana yachanganyike: kutenga na kupeleka. "Serikali imetenga shilingi milioni mia moja" maana yake zimeandikwa kwenye kitabu cha bajeti. Kama zilitoka Hazina, kama zilifika kwenye akaunti ya halmashauri, zilifika mwezi gani na zikafanya nini, hayo ni mambo mengine kabisa. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Nimewahi kuona kifungu kilichotengwa Julai kikiwa bado sifuri mwezi Mei, huku jibu linalosema "imetenga" likiwa limeshasomwa na kupigiwa makofi. Jibu lile lilikuwa la kweli.

Najua mtaniambia halmashauri ni maskini na Serikali haiwezi kuahidi fedha isiyo nayo. Nakubali. Ningefurahi sana siku moja nikisikia Naibu Waziri akisimama na kusema: mradi huu haumo katika bajeti ya mwaka huu, wala hautakuwemo mwaka ujao, kwa sababu tumeanza na vijiji hivi vitatu ambavyo viko mbali zaidi na hospitali. Wananchi wangekasirika kwa wiki moja, kisha wangejipanga. Walichofanyiwa wale wa zahanati yangu ni kibaya zaidi. Walisimamisha ujenzi wakingoja fedha "zinazoendelea kutengwa".

Tusidhani ugonjwa huu ni wetu peke yetu. Wahindi waliuona mapema. Tangu mwaka 1953 Lok Sabha, baraza lao la wawakilishi, lina Kamati ya Ahadi za Serikali ambayo kazi yake ni moja: kupekua majibu ya Mawaziri na kuokota ahadi. Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba wanayo orodha ya maneno. Waziri akisema jambo linafikiriwa, au akisema atalifuatilia, maneno hayo yenyewe yanahesabiwa kuwa ahadi, anaandikiwa, na anatakiwa kuitekeleza ndani ya miezi mitatu au aombe muda na kueleza sababu. Fikirini orodha kama hiyo kwa Kiswahili chetu. "Lipo katika mchakato." "Tupo katika hatua za mwisho." "Upembuzi yakinifu unaendelea." "Nimwombe Mheshimiwa Mbunge avute subira." Na ile yangu. Jirani zetu Waganda nao wanayo kamati ya bunge yenye kazi ya kufuatilia ahadi za Serikali, kwa hiyo hatuhitaji kuvuka bahari kwenda kujifunza.

Kenya wamepitia la kwao. Katiba yao ya mwaka 2010 iliwatoa Mawaziri katika ubunge, na baada ya uchaguzi wa 2013 ule utaratibu wa Waziri kusimama ukumbini kujibu maswali ukafa. Maswali yakawa yanapitia kwenye kamati. Mwishoni mwa mwaka 2022 Rais William Ruto mwenyewe ndiye aliyewaandikia maspika akipendekeza kanuni zibadilishwe ili Mawaziri warudi ukumbini. Sisi hatujawahi kulipoteza swali, na pengine ndiyo maana tunalichukulia kama kitu cha kawaida.

Halafu kuna Ireland. Kati ya 1991 na 1994 walikuwa na tume ya uchunguzi wa biashara ya nyama ya ng'ombe, ndefu na ya gharama kubwa. Jaji aliyeiongoza, Liam Hamilton, alisema maneno ambayo ningeyabandika kwenye mlango wa kila kitengo kinachoandaa majibu: kwamba kama maswali yaliyoulizwa bungeni yangejibiwa bungeni jinsi yalivyojibiwa mbele yake, tume isingehitajika, na fedha nyingi na muda mwingi vingeokolewa. Nasi tumewahi kuunda kamati teule na tume zetu. Ningependa mtu aende kwenye Hansard za miaka iliyotangulia kila moja aone kama swali halikuwa limeshaulizwa na likajibiwa vizuri.

Ninachoomba si kikubwa, na sehemu kubwa yake naamini tayari ipo mahali fulani kwenye kompyuta ya mtu. Ofisi ya Waziri Mkuu ndiyo inayoratibu shughuli za Serikali bungeni, kwa hiyo ahadi lazima zinaandikwa mahali. Liwekeni daftari hilo hadharani. Swali namba fulani, siku fulani, Wizara fulani, iliahidiwa nini, limefika wapi leo. Kijana wa kijiji chetu mwenye simu aweze kuandika jina la kata yake akaona kwamba zahanati yao imeulizwa mara mbili na kujibiwa mara moja, kwa kuwa la pili lilikuwa nakala. Hansard ipo mtandaoni na nawashukuru kwa hilo, ila inasomwa siku kwa siku. Ukitaka kulifuata swali moja ndani yake kwa miaka kumi inabidi uwe mstaafu kama mimi.

Maswali ya maandishi na majibu yake yapewe hadhi sawa na yale ya mdomo, yakiwa na jedwali lake, na yawe na siku. Mimi raia wa kawaida nikiomba taarifa chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, ofisi ya umma ina siku 30 za kunijibu. Sioni kwa nini Mbunge, aliyetumwa na wananchi elfu kadhaa wa namna yangu, angoje zaidi. Waingereza wanawatarajia Mawaziri wao wajibu swali la kawaida la maandishi ndani ya wiki moja ya kazi, na kamati ya bunge lao huchapisha kila wizara inachelewa kiasi gani, kama matokeo ya mtihani yanavyobandikwa ukutani. Wana hata mlango wa kutokea: kukusanya jibu kukigharimu zaidi ya pauni 850, Waziri anaruhusiwa kukataa. Angalau mtu anajua amekataliwa, na kwa kipimo gani.

Na Mheshimiwa Spika, ile mamlaka yako ya kurudisha jibu. Itumie kwenye karatasi, kabla ya ukumbi. Jibu likifika mezani kwa Katibu halina kiasi wala mwaka wa fedha ilhali swali liliviomba, lirudi lilikotoka. Naapa, likirudi mara mbili tu, Mkurugenzi atatafuta mafuta ya gari.

Kuna mtu atasema haya yote yanahitaji upinzani wenye nguvu, na kwamba Bunge hili, kama lile lililopita, karibu wote wanatoka chama kimoja. Nimelifikiria sana hilo. Mbunge wa chama tawala ana shida ya kumkaripia Waziri wa chama chake mbele ya kamera. Kuna vikao vya ndani, kuna kura za maoni zinamngoja. Ila hakuna kikao cha chama kitakachomwita kwa kosa la kuomba jedwali. Swali la takwimu halina rangi ya shati. Kwa Bunge la namna hii, nadhani ndiyo silaha pekee inayoweza kutumika bila mtumiaji kujikata.

Mwezi uliopita nilikwenda kwenye msiba katika kijiji kile. Njia inapita mbele ya boma. Kuta bado zipo, walijenga vizuri. Ndani umeota mwarobaini ambao sasa umepita kimo cha lenta, na watoto wanafungia mbuzi wao humo mchana. Mzee mmoja, aliyekuwa mwenyekiti wa kijiji wakati ule, alinisalimu kwa heshima zote na kuniuliza: "Mzee wa mipango, lile jambo letu limefika wapi?" Nilijikuta nataka kumjibu kwamba Serikali inaendelea. Nikaomba maji ya kunywa.

Swali la tatu likija, kijana aliyekalia kiti changu atapigiwa simu jioni. Faili analo. Nililiacha kabati la chini, upande wa kushoto, likiwa na majibu yote mawili.

Wenu,

Mstaafu, aliyekuwa afisa mipango